Janga likibisha hodi, ni kila mtu na roho yake?

Na MWANDISHI WETU

Wako wanaoamini kwamba wakati wa dhiki mwenye huruma ndiye hufa kwanza. Ukame uliowapiga wafugaji wa Kajiado mara kwa mara unatufunza jambo jingine, na funzo hilo lina faida hata kwa familia zinazoishi katika vyumba vya kukodi mjini.

MWAKA 2009, aliyesafiri kwa barabara ya Namanga kutoka Athi River, akapita Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, hakuhitaji kusoma gazeti ili ajue kwamba nchi ilikuwa imekumbwa na ukame. Mizoga ya ng'ombe ilionekana kando ya barabara. Nje ya kiwanda cha Tume ya Nyama (KMC) pale Athi River, wafugaji walisubiri na mifugo waliobaki ngozi na mifupa, wakitumai kuuza angaa wachache kabla hawajaanguka. Wengine waliswaga makundi yao hadi jijini Nairobi na kuyalisha nyasi za kandokando ya barabara.

Balaa hiyo ilirudi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mvua ilikosa kunyesha vya kutosha kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, Somalia na Ethiopia. Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kufikia mapema mwaka 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekufa nchini, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia.

Sasa, msomaji, jiweke katika nafasi ya mwenye boma mmoja huko. Ulikuwa na ng'ombe 60. Wamebaki 12. Jioni moja anaingia mgeni, mtu unayemfahamu vyema, na yeye hana hata mmoja. Watoto wake hawajaonja maziwa kwa wiki kadhaa. Hakuja kukupigia hadithi, amekuja kuomba. Ukimpa, huenda watoto wako wakafuata wa kwake katika njaa. Ukimnyima, utalala vipi?

Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama leo: Je, ili binadamu aokoke katika janga linalotishia maisha yake, ni lazima awe mbinafsi?

Mla nawe hafi nawe

Wanaojibu "ndiyo" hawakosi ushahidi. Wahenga wenyewe walisema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, yaani rafiki wa karamu hutoweka siku ya msiba, na wanaobaki ni wa damu yako. Kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye simu yake ililia kutwa alipokuwa na kazi nzuri, ikanyamaza siku alipofutwa.

Ushahidi uliovuma zaidi duniani ulitoka papa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Uingereza, Colin Turnbull, aliishi na jamii ndogo ya Waik katika milima ya kaskazini mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Kitabu chake, The Mountain People, kilichapishwa mwaka 1972 na kushtua ulimwengu. Turnbull aliandika kwamba njaa ilikuwa imewavua watu hao ubinadamu wote. Alisimulia kuhusu watoto wadogo walioachwa wajitafutie chakula, wazee walionyang'anywa tonge mdomoni, na watu waliocheka mwenzao akianguka. Kwake yeye, wema ulikuwa kama nguo ya sherehe ambayo binadamu huivua mara tu tumbo linapokuwa tupu. Alichukizwa nao kiasi cha kupendekeza kwamba jamii hiyo itawanywe kabisa.

Kwa miaka mingi, kila aliyetaka kuthibitisha kwamba binadamu ni mnyama wa choyo alikitaja kitabu hicho. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, Bernd Heine, alikwenda kwa Waik baadaye, akajifunza lugha yao, na mwaka 1985 akaandika kwamba watu aliowakuta hawakufanana na wale wa kitabuni. Miaka ya karibuni mtafiti mwingine, Cathryn Townsend, aliishi nao na kuupima ukarimu wao kwa michezo ya kugawana pesa ambayo imechezwa katika nchi nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba Waik hawakuwa wachoyo kuliko watu wa mahali pengine.

Turnbull alikuwa ameona nini basi? Alikuwa ameona watu wanaokufa. Waik walikuwa wamepoteza mawindo yao baada ya bonde la Kidepo kufanywa mbuga ya wanyama mwaka 1962, kisha ukame ukawamaliza nguvu. Mtu anayekaribia kukata roho kwa njaa hana cha kugawa. Kumtazama mtu kama huyo na kusema umegundua tabia halisi ya binadamu ni sawa na kumtazama mgonjwa wa malaria anayetetemeka ukasema umegundua jinsi watu wanavyocheza ngoma.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili. Njaa ikizidi, mapenzi hupungua kweli. Swali ni jinsi watu wanavyojipanga ili wasifikie kiwango hicho. Hapo ndipo Wamaasai wa Kajiado na kwingineko wanapokuwa na la kutueleza.

Osotua, uzi wa kitovu

Katika lugha ya Kimaa liko neno "osotua". Maana yake ya asili ni ule uzi wa kitovu unaomuunganisha mtoto na mamake akiwa tumboni. Neno hilo pia lina maana ya amani na ya uhusiano wa kudumu kati ya watu wawili. Lina uzito kiasi kwamba waliotafsiri Biblia kwa Kimaasai walilitumia kwa maana ya "agano": Agano Jipya kwao ni Osotua Ng'ejuk.

Mtu huingia katika osotua na mwenzake kwa kuomba na kupewa, aghalabu mnyama. Tangu hapo huenda wakaacha kuitana kwa majina yao ya kawaida na kuanza kuitana kwa jina la kile kilichotolewa. Waliopeana mtamba huitana Paashe. Waliopeana kondoo huitana Paker. Kila wanaposalimiana wanakumbushana kwamba kuna uzi kati yao. Na uzi huo hurithiwa: baba akifa, watoto wa pande zote mbili huuendeleza.

Mtafiti Mmarekani Lee Cronk, aliyeishi na Wamaasai wa Mukogodo huko Laikipia, alizieleza kanuni za uhusiano huo, na ni kanuni chache tu. Kwanza, hupaswi kuomba ila ukiwa na shida ya kweli, na huombi zaidi ya kile kitakachokuondoa katika shida hiyo. Pili, mwenzako akikuomba, ni lazima umpe, lakini kwa sharti kwamba kutoa hakutakuangamiza wewe mwenyewe. Tatu, kilichotolewa si deni. Hakiandikwi wala hakidaiwi. Leo unaweza kupewa ng'ombe watatu na usirudishe hata kwato moja maisha yako yote, ikiwa mwenzako hakupatwa na shida. Deni lina neno lake katika Kimaa, "esile", na watu wa huko hawachanganyi mambo hayo mawili.

Tazama kanuni ya pili vizuri, kwa kuwa ndiyo inayojibu swali letu. Mila yenyewe imeweka mpaka. Haikumwambia mtu ajitoe mhanga, afe yeye na watoto wake ili asifiwe kwa ukarimu. Wala haikumruhusu aketi juu ya utajiri huku mwenzake akiangamia. Tumrudie yule mwenye boma na ng'ombe wake 12. Ikiwa idadi hiyo ndiyo inayotosha tu kulisha nyumba yake, anaweza kumwambia mgeni wake "sina" bila aibu, na mgeni ataelewa, kwa sababu ameyaona mwenyewe yaliyomo zizini. Ikiwa anaweza kuishi na 10, basi wawili si wake tena. Mgeni akitoka hapo hubisha hodi kwa mwingine, maana mtu mwenye busara hana uzi mmoja tu. Wawili hapa, mmoja kule, na taratibu kundi jipya linaanza.

Kuna jambo jingine linalosaidia, nalo ni kwamba ng'ombe hafichiki. Mwenye ng'ombe 80 hawezi kumwambia jirani kwamba hali ni ngumu. Wala mwenye 30 hawezi kujifanya maskini ili apewe. Ukweli unaonekana kila asubuhi mifugo wakienda malishoni, na ukweli huo ndio unaolinda heshima ya anayeomba na ya anayeombwa.

Kompyuta yawaunga mkono wazee

Msomaji anaweza kusema hizo ni mila nzuri za kusimulia watoto, lakini je, zinafanya kazi? Mwaka 2011, Cronk pamoja na watafiti wenzake Athena Aktipis na Rolando de Aguiar walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa kompyuta. Walitengeneza programu yenye familia za kubuni zilizo na mifugo. Mifugo hao waliongezeka polepole kama ilivyo kawaida, kisha mara kwa mara, bila taarifa, balaa ikazuka na kuua sehemu ya kundi la mmoja au mwingine. Familia ambayo kundi lake lilishuka chini ya kiwango cha kujikimu kwa muda ilihesabiwa kuwa imeondoka katika maisha ya ufugaji.

Waliacha familia nyingine zijitegemee, kila mtu na lake. Nyingine walizipa kanuni za osotua. Programu iliporudiwa mara nyingi, ilionyesha kwamba familia zilizosaidiana kwa osotua zilidumu muda mrefu zaidi kuliko zilizojitegemea. Tafiti zilizofuata zililinganisha utaratibu huo na ule wa kukopeshana na kuwekeana hesabu. Hapo pia waliosaidiana kwa shida bila kuhesabu deni ndio waliodumu zaidi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Balaa haiwapigi watu wote siku moja kwa nguvu sawa. Mwaka huu ugonjwa umeingia zizi lako, mwaka ujao wezi wataingia zizi langu. Ukingoja mwenzako alipe deni la kwanza kabla hujampa tena, utamwangusha wakati ule ule anapokuhitaji zaidi. Naye akishaanguka kabisa, hana tena uwezo wa kukuinua wewe zamu yako ikifika. Kwa hivyo anayetoa halindi maisha ya jirani peke yake. Analinda pia mkono ambao huenda kesho ukamvuta yeye shimoni.

Kujihifadhi si choyo

Tunapaswa pia kumtendea haki anayejiangalia kwanza. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mtu mwema hujisahau. Lakini mkono mtupu haulambwi. Aliyepanda ndege anakumbuka maelezo ya wahudumu: hewa ikipungua, vaa barakoa yako kwanza ndipo umsaidie mtoto. Mzazi aliyezimia hamsaidii mtu.

Wamaasai nao wana utaratibu wa namna hiyo. Karibu na boma hutengwa malisho yaitwayo olopololi, ambayo hayaliwi na kundi lote. Ni ya ndama na ya wanyama walio wagonjwa au dhaifu, wasioweza kutembea mbali kutafuta nyasi. Ng'ombe wa jirani akiingizwa humo bila ruhusa, mwenye boma atakasirika. Kwa mgeni asiyejua, huo ni uchoyo: nyasi zipo, na zinanyimwa wenye njaa. Kwa anayejua, ni akiba ya kuwaokoa walio dhaifu kuliko wote.

Wakati mwingine hata kumpendelea aliye na nguvu kunaweza kuwa huruma. Oktoba 1972, ndege iliyowabeba wachezaji wa raga kutoka Uruguay pamoja na jamaa zao ilianguka katika milima ya Andes, Amerika Kusini. Kati ya watu 45 waliokuwa ndani, 16 ndio waliotoka hai baada ya siku 72 kwenye theluji. Waliobaki walikubaliana kwamba wachache watakaotumwa kutafuta msaada wale zaidi, wapewe nguo nzito zaidi na wasamehewe kazi ngumu. Wawili kati yao, Nando Parrado na Roberto Canessa, walitembea siku 10 milimani hadi wakaonana na mchungaji wa mifugo, na wenzao wakaokolewa. Mtu aliyechungulia akaona wawili wakipewa fungu kubwa huku wengine wakilala njaa angesema ni dhuluma. Waliokuwamo walijua kwamba mafungu yale yalikuwa ya wote.

Tofauti basi haipo katika nani anakula kwanza. Mbinafsi ni yule anayechukua hata kisichomfaa, au anayemfungia mwenzake njia ya kuokoka ilhali kuifungua hakungemgharimu maisha.

Seng'enge za Kitengela

Ubinafsi unaoua watu wengi zaidi huenda hautokei wakati wa janga. Hutokea miaka mingi kabla yake, mchana kweupe, na mara nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kitengela ni mfano mzuri.

Katika nyanda za Kajiado mvua hainyeshi kama inavyonyesha Kericho. Wingu linaweza kumwaga maji Isinya likaiacha Kitengela kavu, na msimu mwingine ikawa kinyume. Mfugaji wa nchi kama hiyo haishi kwa kumiliki kipande kimoja kizuri. Anaishi kwa kuhama, na kwa kumruhusu mwenzake ahamie kwake mvua ikimwendea yeye. Wanyama wa porini walifanya vivyo hivyo: kila mwaka nyumbu na pundamilia walivuka upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, ambao hauna ua, wakatawanyika katika tambarare za Kaputiei na kurudi mbugani kiangazi.

Chini ya sheria ya mwaka 1968, ardhi nyingi ya Kajiado iliandikishwa kwa majina ya ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na wanachama zaidi ya 200 wakapata kila mmoja shamba lake. Walikuwa na sababu za maana. Waliogopa kwamba viongozi wangeigawa ardhi ya wote kwa wageni. Walitaka hati za kumiliki ardhi. Walitaka kitu cha kuwaachia watoto. Hakuna awezaye kuwalaumu.

Miaka miwili baadaye, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo (EPZ) lilianzishwa jirani pale Athi River. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, na bei ya ardhi ikapanda. Familia ikipatwa na shida ya karo au hospitali, iliuza ekari chache. Mnunuzi alizungusha seng'enge. Jirani, kwa kuona nyasi zake zinaliwa na ng'ombe waliokosa pa kupita, naye akazungusha. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Kitengela ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000.

Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja alilinda chake. Lakini ukame ulipofika, ng'ombe walisimama mbele ya ua, na mwenye ua alikuwa pia amefungiwa na ua wa mwenzake. Jumla ya hatua nyingi ndogo za kujikinga ikawa mtego kwa wote, watu na wanyama.

Wako waliojaribu kurekebisha. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela takriban Sh300 kwa ekari kila mwaka, ili wasizungushe ua, wasiuze ovyo na wasiwadhuru wanyama wa porini. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, kulingana na mihula ya shule. Waliobuni mpango huo walitambua kwamba mtu hafungi njia kwa sababu ya roho mbaya. Anafunga kwa sababu karo inadaiwa Januari. Ukitaka awafungulie wengine, punguza kwanza hofu yake.

Janga likiwapiga wote

Osotua nayo ina udhaifu wake. Ikiwa marafiki zako wote wanaishi katika uwanda ule ule, ukame mmoja utawapiga nyote pamoja. Utabisha hodi na kila mlango utajibiwa na mtu mwenye shida kama yako. Ndiyo sababu wazee walipenda kufunga nyuzi hizo na watu wa mbali, hata nje ya sehemu zao za kabila.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa lile ambalo Wamaasai huliita Emutai, yaani maangamizi, katika miaka ya 1880 na 1890. Kwanza homa ya mapafu ya ng'ombe ilishambulia mifugo. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ikasomba waliobaki. Ndui ikafuata kwa watu, na njaa ikawa juu ya yote. Oscar Baumann kutoka Austria, aliyepita katika nchi yao upande wa Tanzania ya leo mwaka 1892, alikisia kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wameangamia.

Hakukuwa na rafiki Mmaasai aliyebakiwa na ng'ombe wa kutoa. Walionusurika wengi waliokolewa na uhusiano na wakulima waliokuwa wakifanya nao biashara na hata kupigana nao, yaani Wakikuyu, Wakamba, Wachaga na wengine. Wanawake na watoto walikwenda kuishi huko. Tusipake historia rangi: haukuwa ukarimu mtupu. Baadhi ya watoto waliachwa kama rehani ya chakula, na si wote waliorudi nyumbani. Lakini mlango ulikuwepo wa kubishwa, kwa sababu ulifunguliwa miaka ya neema kwa biashara na ndoa. Jamii ambayo ingekuwa imejifungia peke yake isingepata hata hiyo rehani.

Na sisi wa mjini je?

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipothibitishwa nchini, watu walimiminika madukani na kuondoka na mikokoteni iliyojaa unga, karatasi za chooni na dawa za kuosha mikono. Mwezi uliofuata usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, Kitengela, Ngong, Kiserian na Ongata Rongai zikiwemo, ulipigwa marufuku. Magazeti yaliripoti kuhusu wenye nyumba waliosamehe wapangaji kodi, na pia kuhusu wengine walioondoa milango na mabati ili kuwafukuza wasiolipa. Janga moja lilitoa watu wa aina mbili.

Mjini tuna nyuzi zetu: chama cha akina mama, mchango wa hospitali, kikundi cha watu wa kijiji kimoja, jirani wa ploti anayekubakizia mtoto. Lakini mara nyingi tunachanganya osotua na esile, kisha tunalaumiana. Wale watafiti walipowachunguza wafugaji wa ng'ombe kusini magharibi mwa Marekani waligundua jambo la maana. Kwa kazi zinazojulikana zitakuja, kama kuwapiga ng'ombe chapa, majirani huhesabu: leo kwangu, kesho kwako. Kwa mambo yasiyotarajiwa, kama mtu kuvunjika mguu, humsaidia wala hawatarajii malipo.

Familia ya mjini inaweza kuiga hilo. Kodi ya nyumba, karo na sikukuu ya Krismasi si majanga, maana tarehe zake zinajulikana. Hayo ni ya akiba na ya mkopo unaolipwa. Moto uliochoma nyumba, ajali, ugonjwa wa ghafla, kufutwa kazi bila ilani: hayo ndiyo ya kutoa bila daftari. Anayeomba msaada wa janga kila mwezi kwa kodi ile ile anauchakaza uzi wake mwenyewe. Na anayemwandikia deni mtu aliyeunguliwa na nyumba naye anaukata.

Kuna taabu moja ambayo mwenye ng'ombe hana. Salio la benki na la simu, tofauti na ng'ombe, linafichika. Mjini mwenye nacho anaweza kulia njaa, na asiye na shida anaweza kubuni mgonjwa. Kwa hivyo ukweli, ambao kule Kajiado unaonekana kwa macho, hapa ni lazima uwe tabia. Mwambie rafiki yako unachokosa na kiasi gani, usimzidishie hata shilingi. Ukiombwa nawe huna, sema huna. Ukiwa nacho, usijifiche nyuma ya "hali ni ngumu".

Hata wanafunzi wanayaona hayo bwenini. Yule anayefunga sanduku lake la vitafunio wiki ya kwanza ya muhula, asimjue mtu wala asijulikane na mtu, ndiye anayepata taabu wiki ya kumi chake kikiisha. Hakuna anayemchukia, ila hakuna pia aliye na sababu ya kumkumbuka.

Mbinafsi anaweza kuokoka usiku mmoja. Aliyemsukuma mwenzake mlangoni nyumba ikiungua huenda akatoka wa kwanza, hilo hatulipingi. Lakini majanga mengi ya maisha hayachukui usiku mmoja. Ukame huchukua misimu mitano, ugonjwa wa mzazi huchukua miaka, ukosefu wa kazi haujulikani utaisha lini. Katika safari ndefu kama hizo anayedumu ni yule aliyelinda nyumba yake bila kufunga njia ya jirani.

Mvua ikinyesha vizuri Kajiado, nyasi hujaa na maziwa hupatikana, na ni rahisi kusahau. Huo ndio wakati ambao wazee walimtembelea rafiki wa mbali, wakaulizana hali ya mifugo na ya watoto, na wakatoa mtamba mmoja ilhali hapakuwa na njaa popote.